Mabeseni kumi na matatu katikati ya ngano

Wiki ya tatu baada ya kumwaga mbolea ya kukuzia, hukuhitaji kuingia shambani kujua trekta la shemeji yangu lilipita wapi. Ulisimama tu barabarani, hapo Mbulumbulu wilayani Karatu, ukaangalia. Mstari wa kijani kibichi kama majani ya mgomba, kando yake mstari wa njano, kisha kijani tena, kisha njano, hadi mpakani. Watoto waliokuwa wanatoka shule walilipa jina siku hiyo hiyo: shamba la punda milia.

Shemeji hakucheka. Alitoa daftari lake akanionyesha. Ekari 60, mifuko 60 ya urea, hakuna mfuko uliobaki wala uliopelea. Kilo 50 kila ekari, kama alivyokusudia. Kwa mahesabu yake kazi ilifanyika sawasawa, na kwa mahesabu ya ghala alikuwa na haki. Mbolea yote iliingia shambani. Tatizo ni kwamba nusu ya ngano ilipata sahani mbili za ubwabwa, nusu nyingine ikaambulia ukoko. Mvua ya upepo ilipokuja mwezi wa tano, ile mistari ya kijani, iliyokuwa imerefuka kwa shibe, ikalala chini. Ya njano ilibaki wima, ila masuke yake yalikuwa mafupi kama kidole.

Mashine iliyofanya kazi hiyo tuliinunua pamoja, kwa hiyo lawama sitamwachia peke yake. Ilikuwa spreda ya mtumba yenye sahani mbili, imeshuka kwenye kontena kutoka Ulaya, imepigwa rangi nyekundu mpya. Tuliikuta kwenye yadi moja Arusha. Tukaizunguka mara mbili, tukapiga pipa lake kwa kiganja, tukauliza bei, tukaomba punguzo, tukapewa. Nikikumbuka naona aibu. Mtu anayenunua ng'ombe humfungua mdomo ahesabu meno. Sisi tulinunua rangi.

Kwa asiyeifahamu mashine hii, haina mambo mengi. Juu kuna pipa la mbolea. Chini ya pipa kuna milango miwili midogo inayofunguliwa kwa mkono au kwa haidroliki, na chini ya kila mlango kuna sahani inayozunguka, yenye mapezi mawili au zaidi. Trekta linazungusha shafti ya PTO, shafti inaingia kwenye giaboksi, giaboksi inazungusha sahani. Mbolea inadondoka kwenye sahani, pezi linaipiga, inaruka. Zipo za sahani moja, zile zenye pipa kama faneli, ambazo ni rahisi kwa bei na zinafaa sana kwenye malisho, lakini hupenda kutupa zaidi upande mmoja. Zipo pia zile za Vicon ya Uholanzi ambazo hazina sahani kabisa, zina bomba linalotikisika kulia na kushoto kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Hizo zikiwa nzima hutupa vizuri, ila bushi zikilika bomba linapoteza mwendo wake na ubora wote unaondoka.

Tungekuwa na akili siku ile yadini, tungeinama. Spreda haizeeki kwa juu, huzeekea tumboni, pale mbolea inapojikusanya na kula chuma chini ya rangi. Ukigonga kwa mpini wa spana, bati zima hulia kama kengele, lililooza hutoa sauti ya debe la maharage. Tungefungua na kufunga ile milango, tukaangalia kama yote miwili inafunga hadi mwisho. Tungeshika sahani na kuitikisa kuona kama beringi zimelegea. Tungefungua nati ya oili ya giaboksi kidogo tu: oili nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia. Tungetazama mapezi. Pezi jipya lina uso laini na ukingo ulionyooka. La kwetu lilikuwa limelika katikati hadi likatoboka, tundu la ukubwa wa shilingi, na hatukuliona kwa sababu tundu nalo lilipigwa rangi.

Na zaidi ya yote tungedai jedwali. Kila spreda inayojiheshimu hutoka kiwandani na jedwali linaloeleza mlango ufunguliwe namba ngapi kwa mbolea ya aina gani, kwa mwendo gani, kwa upana gani. Muuzaji alituambia lilipotea. Baadaye nililipata mtandaoni kwa jina la modeli, kwa Kijerumani, tukafuata picha na namba. Ukikosa hata hilo unaweza bado kuitumia mashine, maana mizani na saa havidanganyi, lakini utafanya kazi mara tatu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja jirani, aliyeendesha matrekta kwenye mashamba makubwa ya ngano kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuja msimu uliofuata, ngano ikiwa na wiki nne. Tulimwamkia, akaitika, akaizunguka spreda bila kusema neno. Kisha akamgeukia shemeji.

"Kijana wangu, mnataka kuilisha ngano au kuichora?"

Akaomba mabeseni. Makubwa, ya duara, yanayolingana. Dada yangu ana biashara ndogo ya chakula karibu na gulio, kwa hiyo mabeseni ya plastiki ya nusu mita hayapungui kwake. Alitoa kumi na matatu kwa shingo upande. Mzee akaomba chandarua kikuukuu, akakikata vipande, akatandika kimoja kwenye kila beseni ili punje zikianguka zisiruke nje. Mwisho akamtuma mtoto duka la dawa za mifugo kununua mabomba kumi na matatu ya sindano, ya mililita 20, bila sindano zenyewe.

Tuliyapanga mabeseni kwenye mstari mmoja, mita mbili mbili, moja katikati na sita kila upande. Jumla mita 24. Shemeji akashangaa, kwa sababu yeye alikuwa anapita kila mita 12. Mzee akamweleza kwamba mashine ya sahani haimwagi kama rola ya rangi, yenye ukingo. Humwaga kama paa la nyumba: nyingi katikati, ikipungua polepole kwenda pembeni, mpaka inafika kwenye njia ya trekta ya pili. Ukirudi kwa njia ya jirani, paa la pili linalalia la kwanza, na mteremko wa huku unajazwa na mteremko wa kule. Mapaa yakiwa mazuri, jumla yake ni sakafu.

Trekta likapita juu ya mstari ule mara sita, likielekea upande ule ule kila mara, beseni la katikati likiwa kati ya matairi. Mara moja haitoshi. Kwa kilo 50 kwa ekari, beseni la nusu mita hupata gramu mbili na kitu tu kwa mpito mmoja, kipimo cha kijiko kidogo. Baada ya mara sita tukamimina kila beseni kwenye bomba lake la sindano, tukayasimamisha kwenye ubao kwa mpangilio.

Bomba la katikati lilijaa na kumwagika kabla hatujamaliza beseni. Ya mita mbili yalikuwa na mililita 18 kulia na 14 kushoto. Ya mita nne yalishuka hadi 11 na 8. Ya mita sita, 4 na 3. Kutoka hapo kwenda pembeni, vumbi. Hili halikuwa paa la nyumba. Kilikuwa kichuguu. Na pale mita ya sita, ambapo mapaa mawili yanatakiwa kukutana, ukijumlisha 4 na 3 unapata saba, theluthi moja ya kilichoanguka katikati. Huo ndio ulikuwa mstari wa njano wa mwaka uliopita, umesimama mbele yetu ndani ya plastiki.

Mtu anayetafuta kosa moja kwenye spreda hupoteza siku. Sisi tulikuwa nayo matano, kila moja dogo.

La kwanza lilikuwa mguu wa dereva. Kijana wetu alizoea kulima, na kwenye kulima ukipunguza mafuta trekta likiwa jepesi unasifiwa. Spreda inataka PTO izunguke mara 540 kwa dakika, bila huruma. Ukipunguza, sahani inazunguka taratibu, mbolea inadondokea karibu, katikati panajaa. Geji yetu ya mizunguko ilikuwa imekufa siku nyingi, dereva akikisia kwa sikio. Ikatengenezwa.

La pili, mashine ilining'inia chini mno. Jedwali lilitaka sahani iwe sentimita 75 juu ya vichwa vya ngano. Sisi tulipima kutoka ardhini, na tulipima pipa likiwa tupu. Pipa likijaa, matairi ya nyuma yanabonyea na mikono ya trekta inashuka. Pima likiwa na mzigo.

La tatu, mkono wa kushoto wa kuinulia ulikuwa chini kuliko wa kulia kwa sentimita nne. Ukisimama nyuma ya trekta hatua kumi ukafumba jicho moja, unaona. Hapo zungusha ule mkono wenye skrubu mpaka pipa liwe sawa, na kabla ya hapo pima upepo wa matairi, maana tairi moja likiwa na upepo kidogo mashine nzima inainama nalo. Toplinki, ule mkono wa juu wa katikati, nayo usiisahau: ukiirefusha, mashine inalala nyuma na kurusha mbolea ardhini mapema. Ukiifupisha inainua mkia.

La nne ni yale mapezi. Tulipeleka moja lililo nafuu kwa fundi Unga Limited, pale Arusha, atukatie manne mapya kwa chuma kisichoshika kutu. Akayakata vizuri, yanang'aa, manne yote ya kulia. Spreda ya sahani mbili ina mapezi ya kulia na ya kushoto, kama viatu. Ilibidi turudi. Kosa lilikuwa letu zaidi kuliko lake, tulimpelekea kiatu kimoja tukamwambia shona jozi mbili.

La tano ndilo lililonifurahisha, kwa sababu lilikuwa limejificha ndani ya hesabu sahihi. Mzee alitoa sahani zote mbili, akaweka ndoo chini ya kila mlango, akafungua kwa nusu dakika, akapima. Kushoto kilo 4.2, kulia kilo 5.4. Jumla kilo 9.6. Tulichokuwa tunakitaka ni kilo 10. Kwa hiyo jumla ilikaribia kabisa, na ndiyo maana mifuko 60 iliishia ekari 60. Lakini pini ya mlango wa kushoto ilikuwa imelika, mlango ukawa haufunguki kama mwenzake, upande mmoja ukawa unamdhulumu mwingine msimu mzima huku daftari likisema hakuna kilichopotea.

Hizo kilo 10 zilitoka wapi? Hesabu ni ya darasa la saba. Mwendo wa kilomita 8 kwa saa ni mita 133 kwa dakika. Zidisha kwa upana wa mita 12, unapata kama mita za mraba 1,600 kila dakika. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo kila dakika umemaliza asilimia 40 ya ekari. Kama ekari inataka kilo 50, dakika inataka kilo 20, nusu dakika kilo 10. Usiamini geji ya mwendo ya trekta kuukuu. Pima mita 100 shambani, si barabarani, pipa likiwa nusu, uzipite kwa gia utakayotumia. Sekunde 45 ni kilomita 8 kwa saa. Ukitumia sekunde 36 unakwenda 10, na kwa mlango ule ule ekari yako imepungukiwa kilo 10 za mbolea bila wewe kugusa kitu. Hapa madereva wengi huchanganya: wanadhani wakiongeza mafuta wakabadili gia, mbolea nayo inaongezeka. Kwenye mashine hizi za kawaida mlango haujui trekta linakwenda kasi gani. Unatoa kile kile kwa dakika, ukikimbia unakiacha nyuma.

Urea nayo ina tabia zake. Ni nyepesi kuliko CAN na DAP, kwa hiyo kwa sahani ile ile inaruka karibu zaidi, na ile ya punje ndogo kama mtama mwembamba inaruka karibu kuliko ile ya punje kubwa. Mwaka uliopita tulifungua mlango kwa namba ya punje kubwa tukamimina punje ndogo. Ukibadilisha mbolea, hata mfuko ukiwa na jina lile lile, rudia ndoo na saa. Unga usiutupe kwa sahani kabisa. Fosfati ya Minjingu iliyosagwa, au chokaa ya unga, inapeperuka kwenda kwa jirani au inaganda pipani ikatengeneza daraja, milango ikawa wazi na hakuna kinachoshuka. Kwa hizo tafuta zilizofinyangwa punje, au mashine inayodondosha chini moja kwa moja.

Halafu kuna kosa la kuchanganya. Nilimwona mtu, simtaji, akimimina urea na CAN pipa moja ili aokoe safari. Kila moja peke yake ni kavu. Zikikutana zinanyonya unyevu wa hewani kwa kasi ya ajabu, na kwa ukungu wetu wa Karatu haichukui muda mrefu kuwa uji. Alitumia siku nzima kuchokonoa na bisibisi.

DAP kwa maoni yangu haina kazi kwenye spreda. Fosforasi haitembei udongoni, inakaa ulipoiweka. Ukiimwaga juu, mizizi iko chini inaisubiri. Iende na planta, kando ya mbegu. Spreda ni ya kukuzia, na kukuzia kuna saa yake. Asubuhi sana majani yana umande, urea inaganda juu yake na kuyaunguza, na mapezi yanavaa ganda jeupe linaloharibu mtupo. Sisi tunaanza saa tatu, umande ukishakauka, na kufunga milango upepo wa mchana unapoanza kuvuta mbolea upande mmoja. Siku nzuri ni ile ambayo mvua ndogo inatarajiwa jioni. Urea ikikaa juu ya udongo bila maji, sehemu ya naitrojeni yake inageuka amonia na kupaa, na hiyo hakuna fundi wa kuirudisha.

Kuhusu shafti sitaki kuandika kwa mzaha. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kila sekunde. Ukining'iniza pindo la koti la mvua karibu na shafti iliyovuliwa kifuniko, hutapata muda wa kupiga kelele. Spreda nyingi za mtumba zinafika hapa bila kile kifuniko cha plastiki, muuzaji anasema ni kitu kidogo. Nunua kabla hujanunua mbolea, na kifunge kwa mnyororo wake kisizunguke. Bonge la urea likiziba mlango, kishawishi ni kupanda juu ya pipa na kulisukuma kwa mti huku mashine ikizunguka, kwa sababu ni dakika moja tu. Zima trekta. Toa ufunguo, weka mfukoni. Halafu panda.

Jioni mashine inaoshwa, jioni ile ile, hata kama dereva amechoka na maji ni ya kubeba. Mbolea iliyolala pipani huamka ikiwa jiwe. Tunaiosha, tunaiacha ikauke, tunapaka oili kwenye milango na sahani, na tunaiweka milango ikiwa wazi. Ikifungwa msimu mzima, kutu huiunganisha na utaihitaji nyundo.

Baada ya mapezi ya kushoto kufika tuliyapanga tena mabeseni. Mzee hakutaka tuanze kazi kwa matumaini. Mara sita, kuelekea upande ule ule, mabomba ya sindano kwenye ubao. Katikati 19. Kisha 16 na 16, 13 na 12, 9 na 10, 6 na 6, 3 na 3, na kwenye beseni la mwisho punje chache tu kila upande. Shemeji alichukua kalamu, akajumlisha la mita mbili na la mita kumi, 19. La mita nne na la mita nane, 19 upande mmoja, 18 mwingine. Sita na sita, 19. Akarudia hesabu kama vile ameibiwa, kisha akamwambia dereva awashe trekta.

Wiki tatu baadaye nilisimama barabarani mahali pale pale. Shamba lilikuwa na rangi moja, isipokuwa vipande vidogo vya njano kwenye kona za kugeuzia, pale dereva alipochelewa kufungua mlango akitoka kwenye kona. Hilo bado tunabishana nalo. Yeye anasema kamba ya mlango ni nzito, mimi nasema ni mikono yake.

Jirani wa upande wa juu amekuja kuazima spreda kwa ajili ya shayiri yake. Shemeji amempa, pamoja na ubao na mabomba ya sindano. Mabeseni ikabidi aende kuyaomba mwenyewe kwa dada. Alipewa, lakini dada aliyahesabu mbele yake, moja moja, na kumwambia lile la bluu lina ufa tangu mwaka jana, asije akarudi kudai alipewa zima.